Kadi ya baba mdogo: soriasisi, taa na hofu ya kansa

Hapa Bukavu ukionekana na magamba kwenye viwiko, watu hawakuulizi unaumwa nini, wanakuambia. Huyu atasema ni kuvu, yule atasema una damu chafu, na aliye nyuma yao atanong'ona jambo asilotaka ulisikie. Soriasisi, ndio ugonjwa huu wa magamba, ilinianza nikiwa chuo kikuu, kichwani kwanza, ikashuka viwikoni na magotini, na kwa muda mrefu niliishi nayo bila kujua jina lake. Nilipaka kila nilichoambiwa. Pomadi za soko la Kadutu, zilezile wanazonunua wanaotaka kujichubua, zilinisafisha kwa wiki chache hadi nikaanza kuvaa mikono mifupi. Nilipoziacha, magamba yalirudi kwa hasira, hata mahali ambapo hayakuwapo. Ndani yake mlikuwa na klobetasoli, steroidi ya kupaka iliyo kali kuliko karibu zote, na ukiikatisha ghafla ndivyo inavyokufanya.

Siku hizi siulizwi sana habari za pomadi. Naulizwa habari za taa. Watu wamesikia kwamba soriasisi hutibiwa kwa mwanga, kisha wamesikia kwamba mwanga huo hubadili jeni na kuleta kansa ya ngozi, na wanataka niseme moja: ndiyo au hapana. Nafundisha biolojia sekondari, kwa hiyo wanadhani jibu ninalo mfukoni. Kilichonifundisha zaidi lakini si vitabu, ni nyumba yetu. Mimi nilitibiwa kwa UVB, aina ya mionzi isiyoonekana iliyomo kwenye jua. Baba mdogo, mwenye ugonjwa huu kama mimi, alitibiwa Ubelgiji miaka ya themanini kwa njia ya zamani iitwayo PUVA. Na kitinda mimba wetu amezaliwa na ualbino. Watu watatu wa damu moja, na kila mmoja wetu jua lina neno lake naye.

Nianze na taa yangu. Nilikuwa Nairobi, nakaa kwa shangazi, na daktari wa ngozi akanipeleka kwenye kichumba cha kusimama mtu mmoja, kuta zake ni mirija ya taa kutoka sakafuni hadi juu ya kichwa. Unavaa miwani myeusi, unafunika uso kama hauna magamba, unafunika sehemu za siri, mlango unafungwa, feni inavuma. Mara za mwanzo ni sekunde tu. Unajiuliza kama kweli umetibiwa. Mara tatu kwa wiki, na kila mara dozi inapanda kidogo. Taa zile hutoa UVB ya wimbi jembamba, nanomita 311 hivi, kipande cha mwanga kinachotuliza soriasisi bila kuunguza sana.

Muuguzi wangu alikuwa mama wa makamo asiye na maneno mengi. Kabla ya kuniingiza, aliweka mgongo wa mkono wake juu ya paja langu, kisha mgongoni, akasikiliza joto. Halafu maswali, yaleyale kila siku: "Jana usiku iliwaka? Shuka ilikuuma? Uliamka kujikuna?" Nilidhani ni upole wake. Siku moja nikamuuliza kwa nini haangalii tu. Akasema ngozi yetu ikiungua haisemi kwa rangi, lazima uiulize. Niliyakumbuka maneno hayo baadaye, nilipoishika kadi ya baba mdogo.

Magamba yalianza kuwa membamba baada ya mwezi, na baada ya miezi miwili viwiko vilikuwa laini, vikiwa na madoa meusi tu. Mwili mzima uliiva rangi. Shangazi akanitazama mezani: "Wewe unakwenda hospitali au unakwenda Lodwar?" Lodwar ni mji wa jua kali kaskazini mwa Kenya.

Sasa hilo la jeni. Darasani naandika ubaoni herufi nne za ADN (DNA), maandishi ya urithi ndani ya seli: A, T, C na G. Mwanga wa UVB ukipiga seli, unanyonywa na ADN yenyewe, na herufi mbili za C au T zilizokaa jirani zinashikana pasipotakiwa. Seli ina vimeng'enya vya kukata kipande hicho na kukijaza upya, na hufanya hivyo kila siku, kwako na kwangu, hata kwa mama anayeuza sambaza, samaki wetu wadogo, kando ya ziwa. Lakini ukarabati usipokamilika kabla seli haijagawanyika, palipokuwa na C panaandikwa T. Wakati mwingine CC inakuwa TT. Kosa la namna hiyo linajulikana kiasi kwamba watafiti wakilikuta kwenye uvimbe husema: hapa jua limepita.

Makosa mengi hayana madhara. Ubaya huja yakiangukia jeni zenye kazi ya ulinzi, na mashuhuri kuliko zote ni p53. Seli ikiwa na ADN iliyoharibika, p53 huisimamisha itengenezwe, na ikishindikana huiamuru ife. Seli ambayo p53 yake imevunjika haisimami wala haifi. Inaendelea kuzaana na makosa yake. Ndiyo maana p53 iliyovunjika inapatikana mara nyingi sana kwenye kansa ya seli bapa za ngozi.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza swali ambalo hata watu wazima huwa hawaulizi: kama mwanga unaharibu ADN, unaponyaje? Unaponya kwa pigo hilohilo. Kwenye soriasisi seli za kinga zimehamaki ndani ya ngozi bila adui, na ngozi inajizalisha kwa siku chache badala ya karibu mwezi mzima. UVB inaziua seli hizo za kinga zilizohamaki na kuzipunguzia mwendo seli za ngozi. Tiba na hatari zinatoka mlango mmoja, na mtu akikuambia taa yake ni salama kabisa haielewi taa yake.

PUVA inakwenda mbali zaidi. Herufi ya P ni ya psoraleni, dawa ya mmea. Asili yake iko hapa barani: Misri, kando ya Nile, kuna mmea uitwao Ammi majus ambao waganga waliutumia tangu kale kwa watu wenye mabaka meupe, wanakula mbegu kisha wanakaa juani. Miaka ya 1940 daktari wa Kairo, Abdel Monem El Mofty, aliichunguza dawa iliyomo ndani. Mwaka 1974 madaktari wa Boston wakatangaza matokeo yao kwa soriasisi: mgonjwa anameza vidonge vya psoraleni, anangoja saa mbili hivi, kisha anasimama mbele ya taa za UVA, mionzi ndugu ya UVB. Psoraleni inajipenyeza kati ya nyuzi mbili za ADN, na UVA ikiipiga inazishona nyuzi hizo pamoja. Seli iliyoshonwa haiwezi kugawanyika. Magamba yalikuwa yanaondoka kwa namna ambayo wagonjwa wa wakati ule hawakuwahi kuiona.

Baba mdogo anasimulia PUVA yake kama watu wanavyosimulia ujana. Asubuhi anameza vidonge, tumbo linachafuka, anapanda tramu, anasimama kwenye taa, kisha siku nzima anavaa miwani myeusi hata madukani kwa sababu dawa bado imo machoni. "Watu walidhani mimi ni mwanamuziki," anasema. Alirudi Bukavu na ngozi safi, akaoa. Ugonjwa ulipomrudia polepole, alikuwa na ada ya watoto ya kufikiria, akauacha.

Miaka michache iliyopita magoti yake yalivimba na magamba yakafika tumboni. Daktari mmoja alitaka kumwanzishia siklosporini, dawa ya kushusha kinga ya mwili. Hapo ndipo nilipomsumbua anitafutie karatasi zake za Ubelgiji. Alilalamika wee, kisha akafungua sanduku lililonusurika kuhama kwingi na vita kadhaa, na kati ya diploma na picha za harusi ikatoka kadi ya manjano, imekunjwa mara nne.

Niliisoma usiku huo kwa taa ya simu kwa sababu umeme haukuwapo. Safu ya kwanza tarehe. Safu ya pili dozi, kwa jouli kwa kila sentimita ya mraba, zinapanda kutoka mstari hadi mstari. Safu ya tatu dakika. Na safu ya mwisho, wekundu wa ngozi. Kwenye safu hiyo ya mwisho, kuanzia juu hadi chini, upande wa mbele na wa nyuma, wauguzi mbalimbali kwa mwandiko mbalimbali walikuwa wameandika jambo moja: hakuna. Hakuna, hakuna, hakuna, na dozi inapanda.

Nikampigia. "Baba mdogo, kule ulikuwa huungui?" Akacheka. "Mama, nilikuwa nalala kifudifudi usiku kucha. Lakini wao walikuwa wanaangalia, hawaoni kitu, wanasema vizuri sana, tuongeze."

Sisemi walikuwa na nia mbaya. Kipimo chao kilikuwa wekundu, na wekundu ni kipimo cha ngozi nyeupe. Kwetu sisi moto wa ngozi unaonekana kama weusi uliozidi au zambarau, au hauonekani kabisa, unaguswa tu. Mama yule wa Nairobi alilijua hilo bila kadi. Nikizijumlisha zile safari za baba mdogo zinapita mia mbili, na idadi hiyo ndiyo iliyonikosesha usingizi, kwa sababu niliifahamu kutoka mahali pengine.

Marekani, kuanzia mwaka 1975, wagonjwa 1,380 waliotumia PUVA waliandikishwa katika vituo 16 na kufuatiliwa kwa miongo kadhaa, kazi aliyoiongoza Robert Stern. Ndiko yanakotoka karibu yote yanayosemwa juu ya PUVA na kansa. Walikuta kansa ya seli bapa ikiongezeka kadiri mtu alivyotibiwa mara nyingi zaidi, na waliopita mara mia mbili walikuwa kwenye hatari kubwa. Mwaka 1990 waliripoti kwamba wanaume waliosimama bila kufunika sehemu za siri walipata uvimbe huko kwa wingi usio wa kawaida. Chupi tunayovalishwa leo kwenye taa inatoka kwenye ripoti hiyo. Mwaka 1997 ikaja melanoma, kansa ya seli zinazotengeneza rangi ya ngozi, iliyoanza kuongezeka miaka 15 baada ya tiba ya kwanza. Psoraleni hii pamoja na UVA imewekwa na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Kansa, lile la Lyon, kwenye kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha kansa kwa binadamu.

Uvimbe wa wagonjwa hao ulipopimwa jeni, p53 ilikutwa imebadilika kwa wengi. Hapa kuna jambo linalonivutia kama mwalimu. Psoraleni hupenda kushona kwenye T, kwa hiyo ungetegemea makosa yawe huko. Kumbe mengi yalikuwa yale ya C kuwa T, makosa ya UVB na jua la kawaida. Wagonjwa wa soriasisi hawaji kwenye PUVA wakiwa na ngozi mpya. Wamekwisha kukaa juani, wamekwisha kupigwa UVB, wengine wamepakwa lami ya dawa, wameota jua likizo hadi likizo. Taa moja haibebi lawama yote; ngozi inajumlisha.

Basi, je, hatari ya baba mdogo ni ile ya wale 1,380? Wengi sana kati yao walikuwa Wazungu. Ngozi nyeusi hupitisha karibu asilimia 7 ya UVB hadi chini ya tabaka lake la juu, nyeupe hupitisha karibu 24, na uchunguzi uliofanywa kwa wagonjwa wasio weupe, ingawa ni mchache, haukuonyesha ongezeko kama lile la Marekani. Melanini, rangi ya ngozi yetu, si hadithi, ni ukuta kweli. Hata kansa za ngozi zinazotupata sisi watu weusi mara nyingi hazifuati jua: melanoma hupenda unyayo na chini ya kucha, kama ile ya Bob Marley iliyoanzia kidole gumba cha mguu akafa nayo mwaka 1981, na kansa ya seli bapa huota kwenye kovu la zamani la moto au kidonda kisichofunga. Anayekagua ngozi ya Mwafrika usoni tu, kama kitabu kinavyomwambia, amekagua pasipo na kitu.

Na UVB niliyopigwa mimi? Uskoti walifuatilia watu 3,867 waliotibiwa kwa UVB hiyo ya wimbi jembamba, wakatoa matokeo mwaka 2008: hawakukuta uhusiano wa maana na melanoma wala kansa nyingine kuu za ngozi. Wengi wao hawakuwa wamepigwa mara nyingi sana, na kansa ya ngozi huchukua miaka mingi kujitokeza, kwa hiyo mimi daftari langu nalitunza. Lakini silali nikiliogopa. Nikiulizwa na mtu mweusi mwenye soriasisi iliyomfunika mwili kama akubali UVB inayopimwa na mtu anayejua kazi, namwambia akubali, na adai kadi yake iandikwe sawasawa.

Ninachokiogopa ni kingine. Dada mmoja wa kwaya yetu alishauriwa apake ndimu kwenye magamba ya mikono, kisha akae juani mchana hadi ikauke. Mshauri alikuwa na hakika, na kwa kweli hakukosea yote: ndimu ina jamaa za psoraleni, kama ilivyo seleri na utomvu wa mtini. Alichompa dada yule ni PUVA isiyo na kipimo. Siku mbili baadaye mikono ilikuwa na malengelenge makubwa, yenye maji, yamefuata michirizi ya ndimu ilivyotiririka kuelekea kiwiko, na weusi wake haukuisha kwa miezi. Bukavu iko karibu na ikweta na juu kwenye mita 1,500 hivi. Mionzi hii huongezeka kama asilimia 10 kwa kila mita elfu unazopanda, na ubaridi wa ziwa unakudanganya, unahisi hewa nzuri wakati ngozi inaiva. Jua letu la saa sita ni taa isiyo na swichi.

Halafu yuko mdogo wangu. Kwake yote niliyoyasema juu ya melanini yanageuka. Ualbino wa kwetu Afrika mara nyingi unatokana na kasoro kwenye jeni iitwayo OCA2. Mtoto akipokea nakala mbovu kwa baba na kwa mama, melanini haitengenezwi inavyotakiwa, na UVB inaingia hadi ndani bila kizuizi. Wenzake wengi hupata kansa ya seli bapa shingoni, masikioni na usoni wakiwa bado vijana, pasipo taa yoyote, kwa jua tu la kwenda shule na shambani. Sisi nyumbani tulijadili kwa miaka hatari ya taa yangu, huku yeye anacheza mpira mchana kweupe na kofia imetupwa golini.

Aliwahi kuniambia mimi yaya wake, yaani mkubwa wake, nilipokuwa nimerudi kutoka Nairobi na bado naota jua dakika chache kibarazani kwa ruhusa ya daktari, saa mkononi na sehemu isiyo na magamba imefunikwa kitenge: "Yaya, wewe wanakuandikia jua, mimi wananikataza. Si tubadilishane ngozi?" Nilikosa la kumjibu. Mwaka uliofuata sikio lake la kushoto likaota kigamba kigumu, kikawa kinatoka damu akikikwaruza na taulo. Mama alitaka kusubiri. Mimi nilikataa, kwa sababu kidonda cha ngozi kisichopona kwa wiki kadhaa kwa mtu mwenye ualbino hakisubiriwi. Kilikatwa, kikapelekwa maabara. Seli zilikuwa zimeanza kupotoka, bado hazijawa kansa. Tangu hapo kofia pana haitoki kichwani, na pesa za krimu ya jua zinatolewa kabla ya pesa za simu yangu. Ni ghali, na inaniudhi kwamba pomadi za kuchubua zimejaa kila kona ya Kadutu wakati krimu ya kumlinda mtoto huyu tunaitafuta kwa kuulizia.

Turudi kwa siklosporini. Dawa hiyo inashusha kinga ya mwili, na kinga ndiyo inayoziondoa seli zilizoharibika kabla hazijawa uvimbe. Watu wa utafiti ule wa Stern waliotumia siklosporini baada ya PUVA nyingi walipata kansa ya seli bapa zaidi. Nilipiga picha kadi, pande zote mbili, nikaenda na baba mdogo kwa daktari wa ngozi, tukavuka mto Ruzizi kuingia Rwanda asubuhi na mapema, yeye akilalamika juu ya foleni ya mpaka. Daktari alikuwa kijana. Aliitazama kadi kwa muda, akaifuata ile safu ya "hakuna" kwa kalamu, akatikisa kichwa. Akasema siklosporini hapana, na taa basi. Dozi yake ya maisha ameshaimaliza ujana wake.

Baba mdogo sasa anameza methotreksati kila Jumapili baada ya misa. Mara moja kwa wiki, si kila siku, jambo tuliloliandika kwa herufi kubwa kwenye mlango wa kabati kwa sababu wapo waliokufa kwa kukosea hapo. Jumatatu ni asidi ya foliki. Damu inapimwa kila baada ya miezi michache, ini na chembechembe. Na mara moja kwa mwaka anavua nguo zote, akaguliwe kutoka kichwani hadi nyayo na kucha, na hata kule ambako Ubelgiji hawakumfunika. Dawa hailalamikii. Anachokilalamikia ni huo ukaguzi, na kila mwaka anauliza kama daktari hawezi kutosheka na picha.